Mali ya Nani?

Chukua leso ya nyanya yako, uikunjue kitandani. Usianze na maua ya mji, wala lile jina la fumbo ambalo watu wa Pwani hutumiana wakigombana au wakipendana. Angalia pembeni kabisa, karibu na pindo, kwenye herufi ndogo ambazo wengi wetu hatujisumbui kuzisoma. Kama leso hiyo ilitoka kwa Kaderdina Hajee Essak, wafanyabiashara wa Mombasa ambao historia yao inaanzia mwaka wa 1887, utakuta maneno matatu: Mali ya Abdulla.

Sasa jiulize. Ni mali ya Abdulla kivipi, na nyanya ndiye aliyetoa pesa? Leso ameinunua, ameivaa, amebebea watoto mgongoni, ameifua mpaka rangi ikachoka. Abdulla bado anadai nini?

Ni alama ya biashara, bila shaka. Inamwambia mnunuzi kwamba hii ni leso yenyewe, si ya kuigiza. Lakini mimi huyasoma maneno hayo kwa njia nyingine pia, kwa sababu yamebeba wazo ambalo vijana wengi wa tishati hawajawahi kuambiwa: kitambaa kinaweza kuwa chako na mchoro ulio juu yake usiwe wako. Shuka moja, vitu viwili, wenyewe wawili.

Mimi huchora kwa kompyuta. Michoro yangu huishia kwenye tishati, vikombe, mito ya makochi na mifuko ya kubebea, kwa hivyo suala la pindo kwangu ni suala la kodi ya nyumba. Na karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lilelile: "Buda, hii picha nimeilipia mtandaoni. Naweza kuiprint kwa tishati niuze?" Jibu fupi ni kwamba inategemea ulilipia nini. Jibu refu lina karibu miaka 300, na linaanzia London.

Miaka ya 1730 kulikuwa na mchoraji pale anayeitwa William Hogarth. Alichonga picha kwenye bamba la shaba, akapaka wino, akachapa nakala za karatasi na kuziuza. Mfululizo wake wa mwaka wa 1732, kuhusu msichana aliyeingia mjini akapotea, ulipendwa sana, na papo hapo wajanja wakauiga na kuuza nakala zao kwa bei ya chini. Hogarth na wenzake walienda Bungeni kulia. Mwaka wa 1735 sheria ikapitishwa, na hata leo watu huiita kwa jina lake. Ilimpa mwenye picha miaka 14 ya kuchapa peke yake. Hogarth alikuwa tayari na mfululizo mwingine, lakini aliuzuia usitoke mpaka siku sheria ilipoanza kufanya kazi. Jamaa alikuwa macho.

Sheria hiyo ilikuwa na sharti moja: jina la mwenye picha na tarehe lazima vichongwe kwenye bamba, ili kila nakala itoke navyo. Usipoweka jina, huna madai.

Mwaka wa 1787 zamu ikafika ya vitambaa. Wachapishaji wa London walikuwa wakilalamika kwamba maua yao yanaigwa haraka na viwanda vya kaskazini. Bunge likawapa kinga ya miezi miwili tangu siku kitambaa kilipotolewa kwa umma. Miezi miwili tu! Mwaka wa 1794 ikaongezwa ikawa mitatu. Wabunge waliona kwamba fasheni ya kitambaa hupita kama msimu wa maembe, kwa hivyo kinga nayo iwe fupi. Na hapa pia kulikuwa na sharti la jina: liandikwe kwenye kila mwisho wa jora, yaani pembeni, pale pale unapoangalia leso.

Lakini jina la nani? Sheria zote mbili zilitaka jina la mwenye, au la mchapishaji. Hogarth alikuwa na bahati ya kuwa mchoraji na mwenye kwa wakati mmoja. Kwenye kiwanda cha vitambaa mambo yalikuwa tofauti. Aliyekaa na brashi akabuni lile ua alilipwa mshahara wake akaenda nyumbani. Pembeni mwa jora palikaa jina la tajiri.

Leso ilipozaliwa kwetu, ilizaliwa ndani ya mpangilio wa aina hiyo. Neno lenyewe ni la Kireno, kutoka kwa vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na meli. Inasimuliwa kwamba wanawake wa Pwani, karne ya 19, walikataa kununua kitambaa kimoja kimoja. Walinunua sita vikiwa bado kwenye jora, wakakata vitatu kwa vitatu, wakaviunga, wakapata vazi ambalo hakuna kiwanda kilichokuwa kimelifikiria. Wafanyabiashara wakaona soko. Wakaanza kuagiza shuka zilizochapwa tayari kwa mtindo huo kutoka Uholanzi na Uingereza, baadaye Japani na India, na hatimaye viwanda vya Afrika Mashariki vikaingia.

Angalia mnyororo huo vizuri. Wanawake wa Mombasa na Zanzibar walitoa wazo na ladha. Mfanyabiashara alitoa oda na kuweka jina lake. Kiwanda kilichapa. Mahali fulani katikati palikuwa na mtu aliyechora korosho, mananasi na vidoti vya kanga, na jina lake halimo kwenye shuka. Leso ilitaja kila kitu isipokuwa mkono uliyoichora.

Usidhani hayo yameisha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inaanza vizuri: hakimiliki ni ya aliyebuni kazi, na inaanza pale kazi inapowekwa kwenye karatasi au kwenye mashine, bila kusubiri cheti cha mtu yeyote. Lakini kuna kifungu cha 31, na hapo ndipo pembeni mwa leso panapotokea tena. Ukichora ukiwa umeajiriwa, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwa mwajiri. Ukichora kwa sababu mteja amekuagiza, inahamia kwa aliyekuagiza. Njia ya kuizuia ni kukubaliana naye vingine. Kwa hivyo ukichorea kibanda cha chapo simba mwenye miwani, na mwaka unaofuata ukaona simba huyo kwenye tishati mia tatu, swali la kwanza la wakili litakuwa: mlikubaliana nini? Kama jibu ni "tulielewana tu kwa simu", pole sana.

Basi mchoraji aliye na akili alijifunza mapema kwamba jina pekee halimlindi. Akatafuta silaha nyingine, nayo ni hesabu: usiuze mchoro, uza ruhusa ya kuutumia, na ruhusa hiyo uipime kwa idadi ya nakala, mahali na muda.

Umuhimu wa hesabu ulionekana Marekani mwaka wa 1884. Mpiga picha wa New York, Napoleon Sarony, alikuwa amempiga picha mwandishi Oscar Wilde akiwa amekaa na kitabu. Kampuni ya uchapaji iliyoitwa Burrow-Giles ilichapa picha hiyo bila ruhusa, nakala 85,000. Ilipofikishwa kortini ikajitetea kwamba picha ni kazi ya mashine, haina mtunzi. Mahakama ya Juu ilikataa utetezi huo. Ilisema Sarony ndiye aliyempanga Wilde, akachagua mavazi, pazia na mwanga, kwa hivyo picha ilikuwa na mtunzi. Na kwa sababu kulikuwa na mashine halisi iliyotema karatasi halisi, kila mtu angeweza kuhesabu kilichoibwa.

Baadaye likaja ghala. Mwaka wa 1935 Otto Bettmann, mkutubi Myahudi aliyefukuzwa kazi Berlin na Wanazi, alifika New York na masanduku yaliyojaa picha. Kutoka kwa masanduku hayo alijenga hifadhi ambayo magazeti na wachapishaji wa vitabu waliikodisha picha moja moja. Hii ndiyo maana ya picha za stoku: kazi iliyoko tayari kabla mteja hajajulikana, imekaa rafuni, inangoja mwenye shida. Na katika biashara hiyo bei ilifuata matumizi. Utaiweka jalada au ukurasa wa ndani? Nakala ngapi? Nchi gani? Kwa muda gani? Ukibadilisha jibu moja, bei inabadilika.

Kesi moja inaonyesha hesabu hiyo ilivyo na meno. Mwaka wa 1981 Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka wa 1984 jarida la Vanity Fair lililipa dola 400 ili picha hiyo itumike kama mfano wa kuchorea, mara moja tu. Mchoraji aliyepewa kazi alikuwa Andy Warhol. Warhol hakuishia kwa mchoro mmoja, alitengeneza mfululizo mzima. Prince alipofariki mwaka wa 2016, kampuni inayomiliki jarida hilo ilitumia mchoro mwingine wa mfululizo huo kwenye toleo maalum, ikalipa wakfu wa Warhol dola 10,000. Goldsmith hakupata hata shilingi, wala jina lake halikutajwa. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba matumizi yale hayakuwa halali kwa sababu tu Warhol aliipaka rangi. Miaka 39 baadaye, maneno "mara moja" bado yalikuwa na uzito.

Kufikia miaka ya 1990 kuhesabu kulianza kuchosha watu. Picha zikauzwa kwenye CD kwa mamia. Likazuka jina jipya, picha "bila mrabaha", na hapa ndipo wengi wanapopotea mpaka leo. "Bila mrabaha" haimaanishi bure, wala haimaanishi kwamba picha imekuwa yako. Inamaanisha unalipa mara moja, kisha huhitaji kulipa tena kila unapoitumia, mradi ubaki ndani ya masharti. Mwaka wa 2000 iStockphoto ilianzishwa Canada na watu waliokuwa wakibadilishana picha. Mwaka wa 2003 Jon Oringer alianzisha Shutterstock kwa kuweka picha zake mwenyewe, kama 30,000. Mwaka wa 2006 Getty Images ilinunua iStockphoto kwa dola milioni 50. Sasa mchoraji wa Kayole au Likoni angeweza kupakia mchoro usiku na kuuzia mtu wa Toronto asubuhi, kwa malipo madogo yanayotegemewa kujirudia mara nyingi.

Hata hapo, hesabu haikufa, ilijificha tu kwenye masharti. Leseni ya kawaida ya maghala makubwa kwa miaka mingi imeweka kikomo cha nakala za kuchapwa, karibu 500,000. Na kwa kawaida imekataza jambo moja ambalo ndilo kila mtu anataka kulifanya: kuweka picha juu ya kitu cha kuuza ambapo picha yenyewe ndiyo inayomfanya mtu anunue. Bango la kutangaza gereji yako, sawa. Tishati ambayo watu wanainunua kwa sababu ya simba aliye kifuani, hapana. Kwa hiyo tishati unahitaji leseni iliyopanuliwa, nayo ni ghali zaidi, mara nyingine mara nyingi zaidi.

Kisha ikaja biashara ya kuchapa kwa oda. CafePress ilianza Marekani mwaka wa 1999, Redbubble ikafuata Melbourne mwaka wa 2006, na nyingine nyingi. Ili uone ni nini kilibadilika, nenda River Road umtazame fundi wa skrini. Kila rangi ina skrini yake. Kuandaa skrini nne ili uchape tishati moja ni hasara, kwa hivyo atakuuliza kwanza, "Unataka ngapi?" Lile swali lilikuwa linamlinda mchoraji bila fundi kujua. Lilimlazimisha muuzaji ataje idadi kabla ya kuanza. Mashine za kidijitali hazina swali hilo. Zinachapa tishati moja baada ya mteja mmoja kulipa, halafu zinanyamaza. Duka halina stoku, halina bohari. Lina picha ya kitu ambacho bado hakipo.

Hapo ndipo hesabu ya miaka 300 ilipogonga ukuta. Ni nakala ngapi, ikiwa huenda ni sifuri na huenda ni milioni? Ndiyo sababu baadhi ya maghala yana kipengele maalum kuhusu bidhaa za oda. Baadhi huruhusu kwa leseni iliyopanuliwa. Baadhi hukataa kabisa mteja wa mwisho akiweza kuchagua picha mwenyewe na kuibandika kwenye kitu anachotaka, kwa kuwa hapo muuza vikombe amegeuka ghala la pili.

Mimi hili lilinifika. Mchoro wangu mmoja wa matatu, niliouweka ghalani miaka michache iliyopita, ulinunuliwa kwa leseni ya kawaida nikapata senti kadhaa za dola. Baadaye rafiki yangu akanitumia linki: duka la nje lilikuwa limeubandika kwenye vitu zaidi ya arobaini, kuanzia kikombe hadi pazia la bafu. Niliwaandikia. Walijibu kwa adabu kwamba wana leseni. Nikawaonyesha kipengele kinachokataza bidhaa za kuuza. Wakajibu tena, na jibu hilo sijalisahau: hawajauza hata kimoja. Wiki mbili baadaye matatu yangu iliondolewa. Pesa hakuna, pole hakuna.

Inawezekana walisema ukweli. Hilo ndilo linalouma. Sarony aliweza kusema 85,000. Mimi niliibiwa pazia arobaini ambazo huenda hazikuwahi kuchapwa, na kama ziliuzwa, anayejua idadi ni yeye aliyeziuza. Kuwa na haki bila kuwa na idadi ni kama kudai deni bila kujua ni shilingi ngapi.

Na usifikiri kurudi kwa picha za zamani kunakutoa kwenye hesabu. Watu huniambia, "Basi nitatumia kazi za wachoraji waliokufa." Sawa, lakini amekufa lini, na unauzia nani? Kwa Kenya hakimiliki ya mchoro hudumu maisha ya mchoraji na miaka 50 baada yake. Ufaransa ni miaka 70. Henri Matisse alifariki mwaka wa 1954. Kwa hesabu ya Kenya kinga yake iliisha mwaka wa 2004 ulipokwisha, kwa Ufaransa ilibidi usubiri mpaka mwisho wa 2024. Kwa miaka 20 kikombe kilekile kilikuwa halali Ngara na balaa Paris. Muuzaji wa Biashara Street wa zamani aliuza kwa aliyefika dukani. Duka lako la mtandaoni linauza kwa yeyote mwenye kadi, na kila mnunuzi anakuja na sheria ya kwao.

Kwa hivyo nikiulizwa lile swali la tishati, siku hizi humwomba mtu afungue leseni yake, si risiti yake. Risiti inaonyesha umetoa pesa. Leseni inaonyesha pesa hizo zilinunua nini. Tunatafuta pamoja mambo matatu: je, inaruhusu bidhaa za kuuza tena? Je, inataja uchapaji wa oda, kwa kuruhusu au kukataza? Je, mchoro unaweza kukaa kama ulivyo, au lazima uubadilishe uwe kitu kipya? Leseni ikinyamaza, tunawaandikia wenye ghala na kuhifadhi jibu. Kunyamaza si ruhusa.

Na anayeuliza akiwa mchoraji, namwambia aandike. Kenya, kuhamisha hakimiliki au kumpa mtu mmoja leseni ya pekee hakuna nguvu bila maandishi yenye sahihi. Tumia hilo. Mteja akikuagiza kazi, weka mstari unaosema hakimiliki inabaki kwako, na yeye anapata ruhusa ya matumizi fulani, kwa muda fulani. Kama ni bidhaa za oda, usikubali malipo ya mara moja kwa kitu kisicho na mwisho. Dai asilimia kwa kila kimoja kinachouzwa, na dai haki ya kuona rekodi za mauzo. Mashine inayochapa moja moja pia inaweka kumbukumbu moja moja. Idadi ambayo zamani fundi aliuliza mwanzoni, sasa iko kwenye kompyuta ya muuzaji, kamili hadi kikombe cha mwisho. Haijapotea. Imehamia upande ambao mchoraji haoni, na hataiona mpaka aandike kwenye mkataba kwamba anataka kuiona.